Bonde Letu ni Darasa: Mabasi ya Wanachuo Yanapokuja Ruma, Sisi Tuko Wapi?

(Hotuba kwa wawakilishi wa vikundi vya kujisaidia kutoka Homa Bay na Migori)



Tunajua wengine mmeamka alfajiri mkapanda matatu kutoka Rongo na Nyatike, na wengine mmekuja kwa pikipiki kupitia Nyatoto na vumbi lake lote. Hatutawachosha kwa maneno mengi. Tuna jambo moja tu la leo, nalo ni yale mabasi ya wanachuo.

Mmeyaona. Yanakuja yamejaa vijana wenye madaftari, yanaingia lango la Kamato, yanakaa ndani ya Mbuga ya Taifa ya Ruma siku moja au siku tatu, halafu yanatoka na kwenda zao. Pengine vijana hao hupitia vijijini mwetu, huuliza maswali na kuandika majibu. Ukimwuliza mtu anayekaa kando ya ua, "Wale walikuja kufanya nini?" atakuambia, "Walikuja kuona wanyama." Sasa kama ni kuona wanyama tu, mbona wanaandika namna ile?

Hebu tuulizane pamoja. Wanachuo wanajifunza nini katika bonde letu la Lambwe? Masomo hayo yanatuhusu vipi sisi wenye mashamba na ng'ombe? Na tufanye nini ili yatufae na sisi?

Hilo darasa ni la namna gani?

Kwanza tujue mali tuliyo nayo. Ruma ilianza mwaka 1966 ikiwa hifadhi ya wanyama ya bonde la Lambwe. Mwaka 1983 ikafanywa mbuga ya taifa, na jina la Ruma likatokana na ombi la majirani wa mbuga yenyewe. Ukubwa wake ni kilomita za mraba 120 hivi. Imelala bondeni, kati ya vilima vya Gwassi na ngazi ya Kanyamwa, na mto Lambwe unapita hapo.

Hifadhi hiyo iliwekwa hasa kwa ajili ya mnyama mmoja, korongo. Ni swala mkubwa mwenye pembe zilizopinda kuelekea nyuma, na uso wa rangi nyeusi na nyeupe. Katika nchi nzima ya Kenya, mnyama huyu amebaki Ruma peke yake. Katika hesabu ya wanyamapori ya mwaka 2021 walipatikana korongo 15. Ndiyo, 15, pungufu ya mbuzi wa boma moja la hapa kwetu. Hapo zamani walikuwa wengi, na mitego ya waya ni sababu mojawapo ya kupungua kwao.

Yuko pia ndege mdogo, mbayuwayu wa rangi ya buluu. Hufika katika nyasi za Ruma mnamo mwezi wa nne na huondoka mnamo mwezi wa tisa, akarudi kuzaa katika nchi za kusini kama Malawi, Zimbabwe na Afrika Kusini. Hahitaji pasipoti, ila anahitaji nyasi ambazo hazijalimwa wala kumalizwa na ng'ombe. Ndege huyu yuko hatarini duniani. Tena kuna twiga, nyati, na vifaru walioletwa kutoka mbuga nyingine.

Mwalimu wa chuo akitafuta mahali pa kufundishia mambo ya wanyama, nyasi, wadudu, maji na udongo kwa pamoja, atapata wapi pazuri kuliko hapa? Vyuo navyo viko karibu. Tuna Chuo Kikuu cha Rongo upande wa Migori, Chuo Kikuu cha Tom Mboya hapa Homa Bay, na chuo cha ualimu cha Asumbi. Ninyi wa Migori mna pia Thimlich Ohinga, zile kuta za mawe zilizojengwa bila udongo wala saruji, ambazo UNESCO ilizitia katika urithi wa dunia mwaka 2018. Haya tunayosema juu ya Ruma yanafaa na huko pia, kwa maana wageni wenye madaftari huja pande zote mbili.

Wanachuo hufanya nini hasa?

Masomo haya huitwa masomo ya nyanjani. Tusidhani ni matembezi. Tanzania kuna chuo cha Mweka, chini ya mlima Kilimanjaro, kilichoanzishwa mwaka 1963 kufundisha watunzaji wa wanyamapori. Huko mwanafunzi hamalizi masomo kwa kukaa darasani peke yake, lazima akae porini, apime, ahesabu, apotee kidogo na arudi kwenye njia. Kitabu kitakuambia nyasi huzuia udongo usichukuliwe na maji. Nyanjani unaona kwa macho yako mahali zilipokwisha na udongo ulipokwenda.

Tuchukue kazi moja ambayo wanafunzi hufanya mara nyingi. Wanafunga vijiti vinne kuwa mraba wa mita moja kila upande. Wanaulaza chini, wanahesabu aina za nyasi zilizomo, na wanakadiria ni sehemu gani ya mraba iliyobaki udongo mtupu. Wanakwenda hatua ishirini, wanaulaza tena. Wakifanya hivyo mara kumi ndani ya ua wa mbuga na mara kumi nje ya ua, wanaweza kulinganisha. Wakirudi mwaka unaofuata mahali palepale, wanajua kama hali imekuwa bora au mbaya.

Sasa niambieni, kazi hiyo inataka digrii? Inataka vijiti vinne, kamba, daftari na mtu mwaminifu. Mama yeyote anayeweka daftari la akiba la kikundi anaweza kuifanya. Kuna kikundi kimoja tunachokijua ambacho kilijifunza kupima hivyo kutoka kwa wanafunzi wa ualimu. Walipima malisho yao ya pamoja, wakakuta miraba saba kati ya kumi zaidi ya nusu ni udongo mtupu. Tulikuwa tumewaambia habari za mmomonyoko miaka nenda miaka rudi, wakatusikiliza kwa heshima tu. Walipohesabu wenyewe, wiki ile ile walikubaliana kufunga kona moja ya malisho kwa msimu mzima wa mvua.

Hiyo ndiyo nguvu ya kujifunza kwa kupima. Mtu hubishana na mgeni, lakini habishani na hesabu aliyoifanya kwa mkono wake.

Mambo yaliyotoka porini yakaingia shambani

Wengine watasema, "Hayo ni ya wasomi, sisi tunataka mahindi." Haya, tuzungumze mahindi.

Pale Mbita kuna kituo cha ICIPE, shirika la utafiti wa wadudu lililoanzishwa mwaka 1970 na marehemu Profesa Thomas Odhiambo, na sasa kituo hicho kina jina lake. Katika miaka ya 1990 watafiti wa hapo walikuwa wanatafuta dawa ya funza wa mabua. Walichukua nyasi nyingi za porini na za malisho, wakaangalia nondo wa funza hao anapenda zipi na anachukia zipi. Wakaona kuwa nondo hupenda kutaga mayai kwenye nyasi za nepia, lakini funza wengi wakitotolewa humo hufa, kwa sababu nepia hutoa utomvu unaonata. Wakaona pia kuwa mmea wa desmodiamu una harufu inayomfukuza nondo.

Wakapanda desmodiamu katikati ya mistari ya mahindi, na nepia kuzunguka shamba. Ndipo wakaona jambo ambalo hawakulitafuta. Palipokuwa na desmodiamu, kayongo haikuota kama kawaida. Ninyi nyote mnaijua kayongo na maua yake mazuri ya zambarau yanayoleta njaa. Baadaye ikajulikana kuwa mizizi ya desmodiamu hutoa vitu vinavyoizuia. Leo njia hii, inayoitwa sukuma-vuta, inatumika katika nchi nyingi za Afrika. Ilipatikana kwa watu kutoka nje, kuangalia nyasi, na kuandika walichokiona.

Tuje kwa ng'ombe na kwa afya yetu. Wazee hapa mnakumbuka malale. Bonde la Lambwe lilijulikana kwa mbung'o, na watu waliogopa kukaa huku. Watafiti walioshinda porini ndio waliojua kuwa mbung'o huvutwa na kitambaa cha buluu na harufu ya mkojo wa ng'ombe, na kutokana na hayo ikatengenezwa mitego bora. Mwenyeji wa mwisho kuambukizwa malale hapa Kenya alipatikana mwaka 2009. Mwezi wa nane mwaka 2025 Shirika la Afya Duniani lilithibitisha kwamba malale si tatizo tena la afya ya umma nchini Kenya. Hiyo ni kazi ya wauguzi, wa mifugo, watafiti, na wenyeji waliokubali kulinda mitego badala ya kukata kile kitambaa washone nguo za watoto! Mbung'o mwenyewe bado yupo, na nagana ya ng'ombe bado ipo. Kwa hiyo kujifunza hakujaisha.

Na mfano mmoja zaidi. Mwaka 2023 dunia nzima ilisikia habari za Nyayanga, hapa kwenye rasi ya Homa. Watafiti walitangaza zana za mawe za kale sana, za kati ya miaka milioni 2.6 na milioni 3 hivi, pamoja na mifupa ya viboko waliochinjwa kwa zana hizo. Watafiti hao walikuwa wakifanya kazi mahali pengine karibu na hapo. Aliyewaambia waende wakaangalie Nyayanga ni mwenyeji, mtu wa hapa hapa. Maprofesa walikuwa na vyombo, lakini mwenye kujua mahali alikuwa jirani yetu.

Sasa shida iko wapi?

Shida ya kwanza, watoto wetu wenyewe hawajaingia humo. Tuliwauliza watoto wa shule moja iliyo karibu na ua ni wangapi wamewahi kuona korongo. Mikono miwili iliinuka, na mmoja wao alikuwa amemwona kwenye picha ya kalenda. Kijana wa kutoka mbali anajua bonde letu, na mtoto wetu anajua ua tu, na askari wa ua. Mtoto huyo akikua ataipenda mbuga kwa sababu gani? Atakapoonyeshwa waya wa kutegea, atakataa kwa sababu gani?

Shida ya pili, majibu hayarudi. Kuna darasa la chuo kimoja, hatutakitaja, lililofika kwa kikundi cha kina mama. Mama mmoja mzee aliwatembeza tangu asubuhi mpaka saa nane, akawaonyesha miti ya dawa, hii ya tumbo, hii ya mtoto anayelia usiku, hii ya ng'ombe aliyekataa kunyonyesha. Akawapa majina yote kwa Dholuo. Walimshukuru sana, wakampa soda, wakapanda basi. Miaka imepita. Siku moja mama huyo alituuliza, "Yale majina niliyowapa yalikwenda wapi?" Hatukuwa na la kumjibu, na hata leo hatuna.

Wapendwa, soda si malipo ya maarifa ya miaka sabini. Lakini tusielewane vibaya. Mama huyo hakuuliza habari za pesa. Aliuliza kama mwalimu anayeuliza habari za wanafunzi wake.

Shida ya tatu, sisi wenyewe hatujajipanga. Basi linafika, kila mtu anakimbilia dirishani na ndizi zake na njugu zake. Mmoja anauza, ishirini wanarudi na mzigo. Hakuna anayejua basi lijalo ni lini. Kwa namna hiyo tutalaumu vyuo mpaka lini?

Tunashauri vikundi vifanye haya

1. *Chagueni kamati ndogo ya wageni.* Watu watatu watosha, na mmoja wao awe kijana anayejua kuandika barua na kutumia simu vizuri. Kamati hiyo ifike kwa wakuu wa mbuga na iandikie vyuo vya karibu, ikisema: tuko hapa, tunaweza kupika, kuongoza, kueleza historia ya bonde. Andikeni bei zenu mapema. Darasa la watu arobaini likijulisha wiki mbili kabla, kikundi kinaweza kupika ugali, samaki na osuga bila hasara. Pesa ziingie kwenye daftari la kikundi na mwekahazina atoe risiti, wala zisiishie mfukoni mwa aliyelitangulia basi barabarani.

2. *Wazee wawe walimu, na watambulike hivyo.* Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 69, inaitaka serikali ilinde maarifa ya jamii kuhusu mimea na viumbe. Tena kuna sheria ya mwaka 2016 ya kulinda maarifa ya jadi, inayotaka wenye maarifa waombwe ruhusa kwanza, wakielezwa wazi yatatumika vipi, na wagawiwe faida ikipatikana. Kwa hiyo si ubishi wala ukorofi kumwuliza mgeni, "Haya utayapeleka wapi?" Mtu anayefanya utafiti, mbali na darasa la matembezi ya masomo, anapaswa kuwa na kibali cha NACOSTI. Mwombeni akionyeshe. Mwenye nia njema hatakasirika. Na maarifa ambayo mzee hataki kuyatoa, yabaki kwake, asilazimishwe na kikundi.

3. *Dai majibu, kwa maandishi.* Kabla ya kazi kuanza, kubalianeni kwamba darasa litarudisha taarifa. Si kitabu cha kurasa mia. Ukurasa mmoja au mbili kwa Kiswahili au Dholuo, au karatasi kubwa ya kuchora ikaelezwe kwenye baraza la chifu. Kama walipima maji ya mto, mama anayechota hapo ana haki ya kujua walichokikuta. Kikundi kiweke faili la taarifa hizo. Chuo kikirudi mwaka wa pili bila kuleta ya mwaka wa kwanza, muwakumbushe kwa upole, na kamati iandike barua kwa mkuu wa idara.

4. *Vijana wetu wafuatane nao.* Kila darasa linapokuja, ombeni nafasi ya vijana wawili wa kikundi kutembea nalo, kushika kamba, kuhesabu pamoja. Huko ndiko kiongozi wa wageni anakozaliwa. Kijana anayejua majina ya miti kwa Dholuo na kwa lugha ya kitabu hatakosa kazi kirahisi.

5. *Watoto wa shule waingie mbugani.* Zungumzeni na walimu wakuu. Vilabu vya wanyamapori mashuleni vilianza hapa Kenya mwaka 1968, vikianzishwa na wanafunzi wenyewe, na shule yenu inaweza kuwa na kimoja. Ada za kuingia mbugani hubadilika, basi shule iandike barua mapema kwa ofisi ya mbuga, iulize masharti ya ziara za masomo. Kikundi kichangie mafuta ya gari. Tumechangia harusi na mazishi bila kukosa. Tutashindwa kuchangia watoto arobaini wamwone korongo kabla hajaisha?

Jambo moja la tahadhari. Mtu yeyote asipitishe wageni chini ya ua kwa njia za panya, hata kama wanatoa pesa nzuri. Kuna nyati na vifaru mle, na kuna sheria. Lango lipo, tutumie lango.

Neno la mwisho

Korongo hawa wachache wanaweza kwisha tukiwa hai. Wakiisha, mabasi hayo yatatafuta bonde jingine, na wazee wenye majina ya miti watakuwa wamekwenda pia. Maarifa ya mzee na mnyama wa mbugani yana tabia moja. Hayapigi kelele yanapopungua, unakuja kugundua siku unapoyatafuta. Ndiyo sababu tunasema tuanze msimu huu, kabla ya mvua za vuli, wakati barabara ya udongo mweusi inapitika bado.

Hatuwaombi mwe wasomi, tunawaomba mwe wenyeji. Mwenyeji humpokea mgeni, humwonyesha njia, humlisha, na humwuliza habari za huko atokako. Mgeni naye akiondoka, huaga, na akifika hutuma salamu. Tukiwazoesha wanachuo adabu hiyo, wataizoea.

Rudini salama, na mwapelekee wenzenu maswali haya.

Maswali ya kujadiliana kikundini

1. Nani kati yetu amewahi kuingia Ruma au Thimlich Ohinga? Aliingia kwa sababu gani, na alijifunza nini?

2. Darasa gani au mtafiti gani aliwahi kufika kijijini kwetu? Aliuliza nini? Alirudisha nini?

3. Wazee gani hapa wanajua majina na matumizi ya miti ya porini? Nani anajifunza kutoka kwao sasa hivi?

4. Tukilaza mraba wa mita moja kwenye malisho yetu mara kumi, tunadhani tutakuta nini? Nani atakwenda kuhesabu, na siku gani?

5. Kamati yetu ya wageni itakuwa na nani? Andikeni majina matatu kabla ya kufunga mkutano.